Kiwanja cha Ndege na Mashamba ya Watu

Tarehe 1 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alisoma Misa mjini Kinshasa mbele ya waamini waliozidi milioni moja. Wengi wao walikesha papo hapo tangu jana yake, wenye mikeka na wenye watoto mgongoni, ili kusije kukapambazuka wakakosa nafasi. Mahali pale paitwa N'dolo, napo ni kiwanja cha ndege. Sisi tulio mbali na mji ule mkuu tulijiuliza neno moja: katika mji wenye watu wengi vile, ambamo nyumba zimebanana kama punje za mahindi katika gunzi, uwanda mpana namna ile ulisalimikaje?

Jibu lake ni jepesi. N'dolo haikuwekwa katikati ya nyumba za watu. Iliwekwa kando, nao mji ukaifuata.

Mambo ya ndege yalianza kidogo sana katika nchi yetu. Mwaka 1925 Mbelgiji mmoja, jina lake Edmond Thieffry, alitoka Bruxelles tarehe 12 Februari akiwa na wenzake katika ndege yenye injini tatu, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51 njiani! Mtu ambaye siku zile angaliuliza wasafiri wa ndege watakuwa wangapi baada ya miaka thelathini, angalichekwa. Kwa ndege ndogo za nyakati zile kiwanja kama N'dolo kilitosha, tena kilizidi. Lakini ndege zikakua, wasafiri wakaongezeka, na katika miaka ya 1950 ikabidi kutafuta mahali pengine. Wakaenda N'djili, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya mji. Njia ya kurukia ya N'djili ina urefu wa mita 4,700, na hata leo hakuna ndege ya abiria isiyotoshwa na urefu huo. Waliopanga kazi ile walitazama mbele, lazima tuwape sifa yao.

Ila N'dolo haikufungwa. Ndege za mizigo ziliendelea kuitumia, na mwisho wa njia, mahali ambapo pangalipaswa kubaki majani matupu, soko likakua, jina lake Simbazikita. Tarehe 8 Januari 1996 ndege ya mizigo aina ya Antonov 32, iliyopakiwa kupita kiasi, ilishindwa kupanda. Ikapita mwisho wa njia, ikaingia sokoni wakati akina mama walipokuwa wakiuza na kununua. Waliokufa walizidi 200. Karibu wote hawakuwa wasafiri. Wengi wao labda hawakupata kupanda ndege maisha yao yote.

Kila msiba wa namna hii unapotokea, swali lile lile hurudi: je, ni kiwanja kilichowaendea watu, ama ni watu waliokiendea kiwanja? Wenye mamlaka hupenda jibu la pili, kwani huwaondolea lawama. Lakini mwenye kusimika meza yake mwisho wa njia ya ndege hakuja usiku kama mwizi. Alionyeshwa mahali na mtu, akalipa kodi ya soko kwa mtu, na mtu yule alijua, ama alipaswa kujua, ramani yasema nini.

Ndugu zetu wa Goma hawahitaji kuelezwa zaidi. Kiwanja chao kimebanwa huku na huku: kaskazini ndiko kwenye mlima Nyiragongo, kusini ndiko kwenye mji wenyewe na mtaa wa Birere, na nyuma ya mtaa, ziwa. Zamani njia ya kurukia ilikuwa na mita 3,000. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka, moto wake ukateremka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na karibu theluthi moja ya njia ile ikafunikwa na mawe yaliyoyeyuka. Zikabaki mita 2,000 hivi. Hata hivyo ndege hazikuacha kuja. Zingeachaje, na barabara za kwenda bara zilikuwa matope tupu, ama zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki? Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa njia, ikaingia Birere. Walikufa watu wapatao 40, walio wengi wakiwa ni watu wa mtaani. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikienda Beni ilianguka juu ya nyumba mara tu baada ya kupaa. Wakafa zaidi ya 25, wa ndani ya ndege na wa ndani ya nyumba.

Wanafunzi wetu wengi hudhani kwamba kujenga kiwanja cha ndege ni kulima uwanda, kumwaga lami, na kusimika bendera. Yafaa tuwaeleze kidogo, kwani mtu asiyejua ndege yataka nini hawezi kujua kwa nini ardhi yatakiwa nyingi hivyo.

Kwanza ni urefu. Goma iko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi: mabawa hupata kitu kichache cha kuegemea, na injini hupata hewa kidogo ya kuvuta. Jua likiwaka, hewa huzidi kuwa nyepesi. Kwa hiyo ndege iliyojaa, ambayo kule pwani ingeridhika na njia fupi, huku kwetu hutaka kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo sababu njia kubwa ya Nairobi, mji ulio juu kuliko Goma, ina mita zaidi ya 4,100, na ile ya Kigali ina 3,500. Kupunguza njia ya mahali pa juu kutoka mita 3,000 hadi 2,000 si sawa na kupunguza yadi moja katika kitambaa cha yadi tatu. Ni kama kumkata mtu mguu.

Pili ni mwisho wa njia. Sheria ya mataifa yadai kwamba baada ya lami kwisha pawe na mita 60 za ukingo, kisha mita nyingine zisizopungua 90, tambarare, pasipo ukuta wala shimo wala nyumba, ili ndege iliyoshindwa kusimama isimame humo bila kuua mtu. Kwa viwanja vya ndege kubwa washauri hao hao wapendelea mita 240. Mita mia tatu kwa jumla, kila upande! Msomaji aliyefika Birere apime mwenyewe kwa hatua zake.

Tena kuna kelele, na kuna ile anga ya kushukia, ambayo chini yake, kwa kilomita kadhaa, hapafai jengo refu wala mlingoti, wala shule wala hospitali. Yote hayo ni ardhi. Na ardhi ina wenyewe.

Basi wapangaji hufanyaje ili kujua kiwanja kiwe kikubwa kiasi gani? Hawahesabu mwaka tu, bali huitafuta saa yenye msongamano. Tuseme kiwanja kimoja chapokea abiria 365,000 kwa mwaka. Ukigawa sawasawa, ni 1,000 kwa siku. Lakini nani aliyesafiri kwa kugawa sawasawa? Kuelekea Noeli, na wanafunzi wanaporudi shuleni, watu 600 wataweza kufika katika saa mbili, na siku nyingine wafagiaji watakuwa peke yao. Nyumba ya abiria hujengwa kwa kuiangalia ile saa ya 600, vilevile kama mama wa nyumba anunuavyo sufuria kwa kuwawaza wageni wa siku ya komunyo ya kwanza.

Baada ya hapo huitazama miaka iliyopita. Watu waliongezeka kiasi gani? Nauli ilishuka? Migodi ilifunguliwa, ama ilifungwa? Huchora mstari kutoka jana hadi leo, kisha huuendeleza mpaka miaka 20 mbele. Hapo ndipo penye hatari, kwani mstari wa kalamu hauna breki. Mwaka 2019 wasafiri wa ndege duniani kote walikuwa kama bilioni 4 na nusu. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walibaki kama bilioni 1 na milioni 800. Hakuna ramani iliyokuwa imechora mwaka wa namna ile.

Mtu atasema: «Mmetuonyesha maiti wa Simbazikita na wa Birere. Basi dawa ni moja: serikali itwae ardhi kubwa mbali na mji, mapema, kabla watu hawajafika, nayo isiogope kuchukua nyingi.» Neno hilo lina busara. Nasi tungalilikubali upesi, kama tusingalijua yaliyowapata wakulima Wakatoliki wa parokia ya Mtakatifu Skolastika, katika jimbo la Québec, nchi ya Kanada. Twaomba msomaji atufuate huko. Ni mbali, na ni nchi ya theluji, lakini atayatambua mambo yenyewe.

Sainte-Scholastique ilikuwa parokia ya mashambani, upande wa kaskazini-magharibi wa mji mkubwa wa Montréal. Watu wake walifuga ng'ombe wa maziwa. Walikuwa pia na vichaka vya mti uitwao erable, ambao mwisho wa majira ya baridi hutobolewa na kutoa maji matamu. Maji hayo huchemshwa mpaka yawe mazito kama asali. Mti ule haukui upesi. Anayeupanda anawapandia wanawe na wajukuu. Mashamba yalikuwa yametoka kwa mababu, na mababu wamezikwa penye kanisa.

Mji wa Montréal ulikuwa na kiwanja kizuri, Dorval, kilichofunguliwa mwaka 1941 na kujengewa nyumba kubwa mpya ya abiria mwaka 1960. Lakini wasafiri walikuwa wakiongezeka mbio. Mwaka 1967 Montréal ilifanya maonyesho ya dunia, na milango yake ikahesabu watu milioni 50. Nani asingelewa? Wapangaji wa serikali wakapiga hesabu, wakaona kwamba Dorval itajaa kabisa kufika mwaka 1985. Kwamba wasafiri wa Montréal watafikia milioni 20 kwa mwaka. Kwamba milioni 17 kati yao watapita katika kiwanja kipya. Wala tusidhani ya kuwa walikuwa wajinga. Montréal ndipo penye makao ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia usafiri wa ndege wa dunia nzima. Kama kuna mji uliokuwa na wataalamu mlangoni pake, ni huo.

Mwaka 1969 serikali ya Kanada, waziri mkuu akiwa Pierre Elliott Trudeau, ilitangaza kwamba yatwaa hektari 39,000 hivi. Hektari 39,000 ni nini? Ni mraba wenye karibu kilomita 20 kila upande. Mtu angetoka asubuhi kwa miguu katika mpaka mmoja, angefika mpaka wa pili mchana, mwenye njaa. Kwa kiwanja chenyewe zilitakiwa hektari 7,000 tu. Zilizobaki zilikuwa za kuzuia nyumba zisikaribie kelele, na za viwanda vitakavyokuja. Nia yao haikuwa mbaya. Walitaka pasiwepo na mtoto atakayelala chini ya mabawa. Ila watu wapatao 10,000 waliamka asubuhi wakaambiwa kwamba nchi waliyokanyaga si yao tena.

Nyumba nyingi zilibomolewa. Wengine waliachwa wakae, lakini kama wapangaji: baba alilipa kodi kwa serikali ili apate kulala katika nyumba aliyoijenga babu yake. Twaomba wasomaji wafikirie neno hili, kwa kuwa halionekani katika hesabu yoyote. Mpangaji asiyejua atafukuzwa lini hatengenezi paa. Hachimbi mfereji. Hapandi mti wa kumfaa mjukuu. Shamba lake labaki palepale, nalo lakufa.

Kiwanja kilifunguliwa tarehe 4 Oktoba 1975, kikaitwa Mirabel. Kilikuwa kizuri, kipana, kitulivu. Kitulivu mno! Safari za nchi za ng'ambo zililazimishwa kutua huko, bali safari za ndani ya Kanada zilibaki Dorval. Msafiri aliyetoka Ulaya akienda mji mwingine wa Kanada alishuka Mirabel, akapanda basi, akaenda Dorval kutafuta ndege ya pili. Barabara kubwa zilizoahidiwa hazikukamilika, na gari-moshi la kwenda mjini, kilomita 55 hivi kwa barabara, halikujengwa kamwe. Akili ya msafiri ni fupi, lakini ni kali: akachagua kupitia Toronto. Wakati huohuo mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu mwaka 1973, biashara kubwa zikahamia Toronto, na ndege mpya zikapata nguvu za kuruka kutoka Ulaya hadi bara ya Amerika bila kusimama Montréal kunywa mafuta.

Walikuwa wamechora njia sita za kurukia, zikajengwa mbili. Walingojea abiria milioni 17; hawakupita milioni 3 kwa mwaka. Mwaka 1985 serikali nyingine iliamua kuwarudishia watu sehemu kubwa ya ardhi, zaidi ya hektari 30,000. Mwaka 1997 safari za ng'ambo zikaruhusiwa kurudi Dorval. Tarehe 31 Oktoba 2004 ndege ya mwisho ya abiria iliondoka Mirabel, na tangu mwaka 2014 nyumba ile kubwa ya abiria ikaanza kubomolewa. Njia za kurukia zimebaki kwa ndege za mizigo na kwa viwanda vinavyounda ndege.

Na Dorval, kile kiwanja kilichosemwa kwamba kitajaa? Kilipanuliwa kidogo kidogo, mahali palepale, na mwaka 2019 kilipokea abiria milioni 20. Kwa hiyo namba ya wapangaji ilitimia kweli; mwaka ndio uliowadanganya, na mahali. Jambo moja tulisema pembeni: mwaka 2004 Dorval ilipewa jina jipya, nalo ni Pierre Elliott Trudeau.

Sisi Wakristu twajua habari ya Naboti na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakuanza kwa ubaya. Alitaka kununua, akaahidi shamba lingine lililo bora, ama fedha. Naboti alikataa kwa kuwa shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na yaliyofuata ni damu. Mtu asitumie habari hiyo kusema kwamba serikali haiwezi kamwe kuomba ardhi ya mtu. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alitetea haki ya mfanyakazi ya kuwa na mali yake, hasa ardhi. Naye Papa Yohane XXIII, mwaka 1961, alidai wakulima wasiachwe nyuma na watu wa viwandani. Lakini Eklezya hufundisha pia kwamba mali ya mmoja yapaswa kuangalia manufaa ya wote. Daraja, hospitali, njia ya reli, kiwanja cha ndege, vyote vyajengwa juu ya shamba la fulani. Mwenye shamba alipwe haki yake, alipwe kabla ya kuondoka, wala asilipwe kwa ahadi.

Neno tunalouliza ni hili: je, yafaa kumwondoa mtu aliye hai kwa ajili ya msafiri ambaye bado hajazaliwa? Kwetu sisi, jibu ni hapana. Lakini yafaa kumzuilia nafasi. Kutwaa ni jambo moja, kuweka akiba ni jambo lingine. Katika kutwaa, mkulima huondoka leo. Katika kuweka akiba, mkulima hubaki na hati yake, hulima maharagwe na muhogo kama zamani, huvuna, huwaachia wanawe. Anakatazwa kujenga tu, naye hulipwa kitu kwa katazo hilo, kwani limempunguzia mali. Sheria itaje na mwaka wa mwisho: kama kufika mwaka fulani kiwanja hakikuhitaji shamba lile, katazo lifutwe. Kiwanja kikilihitaji, linunuliwe kwa bei ya siku ile, si kwa bei ya siku ramani ilipochorwa.

Muhogo hauogopi kelele. Shamba mwisho wa njia ya ndege ni jirani mwema kuliko soko, ila wataalamu waonya tusiruhusu mashamba ya mpunga wala majalala karibu, kwani huwavuta ndege wa Mungu, wenye manyoya, nao wakiingia katika injini za ndege za watu, huziangusha.

Tena kabla ya kutafuta hata heka moja mpya, waulizwe wakubwa wa kiwanja kama wamekwisha kutumia ile waliyo nayo. Huko Uingereza kuna kiwanja kiitwacho Gatwick, ambacho mwaka 2019 kilipokea abiria zaidi ya milioni 46 kwa kutumia njia moja tu ya kurukia. Moja! Walifanya hivyo kwa kupanga saa vizuri, kwa kutengeneza njia za kutokea ili ndege iliyotua isikawie mbele ya mwenzake, kwa ndege zilizo kubwa zaidi. Kiwanja cha kwetu kikiwa hakina taa za usiku, ndege zote zalazimika kusongamana mchana, na watu husema kimejaa. Hakikujaa. Kimelala nusu ya siku.

Majirani zetu wa Rwanda wameshika njia ya kuhama. Kiwanja cha Kigali kimezungukwa na vilima na nyumba, basi mwaka 2017 wakaanza kujenga kingine katika uwanda wa Bugesera, kusini ya mji. Mwaka 2019 wakaubadili mpango uwe mkubwa zaidi, pamoja na washiriki kutoka Qatar. Hatuna haja ya kutabiri. Tungependa tu kujua, katika hesabu za huko, mstari wa kalamu umewekewa breki ya namna gani.

Goma yenyewe ni tatizo gumu kuliko yote tuliyotaja. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 52 kwa kutengeneza usalama wa kiwanja kile, na kazi ya kuondoa mawe ya mlima ikawamo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, moto ukateremka hadi Buhene, karibu kabisa na kiwanja, ukasimama. Mwisho wa Januari 2025 vita viliukumba mji, na safari za abiria zikakatika. Watu wengi husema kwamba kiwanja kihamishwe. Kihamishwe wapi? Kusini ni maji. Mashariki ni mpaka. Kaskazini ni Nyiragongo, na hifadhi ya Virunga ambayo imelindwa tangu mwaka 1925. Magharibi ni mawe ya zamani, kisha vilima vya Masisi, ambako kila bonde lina wenyewe, na wengi wao wamekwisha kukimbia mara tatu au nne katika maisha yao. Mpimaji atakayefika huko na vigingi vyake, akiwakuta watu hawapo, asiandike kwamba ardhi haina mtu.

Sisi twaona kwamba, kama kiwanja kitabaki hapo kilipo, kazi ya kwanza si nyumba ya abiria yenye vioo. Kazi ya kwanza ni zile mita mia tatu za upande wa Birere. Kuna watu humo, nao hawakufika jana. Kuwaondoa kwa askari asubuhi moja kungekuwa kuwafanyia yale ya Sainte-Scholastique, bila hata fidia ya Wakanada. Kuwaacha ni kungojea tarehe nyingine ya kuandika katika gazeti hili. Yabaki njia ya kuwahesabu, mlango kwa mlango, meza kwa meza, na kuwatafutia mahali ambapo muuzaji atapata wanunuzi. Kwani kumpa mchuuzi kiwanja kilomita 15 kutoka mjini ni kumpa kaburi lenye hati.

Tungefurahi kuiona siku moja ramani ya mpango huo imebandikwa ukutani katika ofisi ya mtaa, tena mlangoni pa kanisa baada ya Misa ya pili, imeandikwa kwa lugha ambayo watu huisema. Mama muuza unga wa muhogo ataikaribia, atautafuta msikiti, ataitafuta barabara, atashuka na kidole chake polepole mpaka akomee mahali. Ndipo atamgeukia mpimaji na kumwuliza: «Bwana, hapa ndipo penye meza yangu. Mstari huu mwekundu wapita mbele yake, ama nyuma?»